Mbuzi Watano kwa Ukurasa wa Kwanza

Nyumba yetu ina makao makuu mawili: Kakesio, anakokaa Yeyo na mifugo, na Karatu, ninakokaa mimi na madeni. Katikati kuna lango la Lodoare, msitu wa ukingo wa kreta, Endulen, na barabara ambayo masika humkumbusha dereva sala zote alizofundishwa utotoni. Anayeunganisha makao hayo ni Baba Watoto, dereva wa watalii, ambaye hulala popote usiku unapomkuta na huleta habari za upande mmoja kwa upande wa pili zikiwa zimeongezwa chumvi njiani.

Biashara yetu ni shanga. Yeyo, mama mkwe wangu, na wanawake wenzake wa Kakesio hutunga mikufu, bangili, hereni na mikanda. Kazi zao hushuka Karatu kwa gari lolote lenye nafasi, nami naziuza kwenye duka langu dogo kando ya barabara kuu. Shanga zenyewe za kioo hutengenezwa Jamhuri ya Cheki. Zinafika Arusha kwa wauzaji wa jumla, zinapanda Kakesio zikiwa kwenye vifuko, na zinarudi chini zikiwa mikufu. Kwa hiyo mtu asitufundishe habari za utandawazi. Tulikuwa ndani yake kabla Shemeji hajanunua kompyuta.

Shemeji ni mdogo wa mume wangu. Alirudi kutoka Arusha na cheti, kompyuta mpakato iliyojaa stika, na tabia ya kujibu "huo ni mchakato" kila anapoulizwa jambo. Siku aliyomsikia mgeni mmoja dukani akisema kwamba ametupata kwa bahati tu, maana simu yake ilimwonyesha maduka ya kila mahali isipokuwa letu, macho yake yaling'aa. Muda si mrefu tukawa na tovuti. Aliijenga kwa WordPress na kuisajili kwa jina linaloishia na .co.tz, kupitia msajili aliyeidhinishwa wa majina ya .tz. Akaweka picha. Akatuita tukae tuangalie. Akaandika kwenye Google maneno ambayo mgeni angeandika akitafuta shanga Karatu.

Zikatokea hoteli. Yakatokea maduka ya Arusha, ya Nairobi, hata ya Ulaya. Shemeji akafungua ukurasa wa pili, wa tatu, wa nne. Tulikaa pale mpaka bando likaisha.

Kisa cha kikao

Jambo likapelekwa Kakesio, kwa sababu katika nyumba yetu jambo lisilofika kwa Yeyo huhesabiwa kuwa umbea. Tulikaa chini ya mgunga: Yeyo, Baba Watoto, Shemeji, mimi, na Wifi, dada yao, ambaye hutunza daftari la fedha na hana huruma na mtu.

"Huyu Google ni mtoto wa nani?" Yeyo akauliza.

Kwa haki ya Mungu, Shemeji alieleza vizuri. Alisema walikuwa vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, Larry Page na Sergey Brin, walioanzisha kampuni yao mwaka 1998. Wana programu zinazotambaa kwenye mtandao usiku na mchana, zikisoma ukurasa mmoja, zikifuata viungo vyake hadi ukurasa mwingine, na kila kilichosomwa kinaandikwa kwenye orodha kubwa mno. Mtu akiuliza kitu, Google haiendi kuzunguka dunia saa ile, inafungua orodha yake. Na katika kupanga nani awe juu, wazo lililowatoa vijana wale lilikuwa hili: ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine una uzito, na ukitajwa na ukurasa wenye uzito, wake unaongezeka zaidi. Siku hizi vipimo ni vingi, lakini wazo lile bado limo.

Yeyo aliendelea kutunga shanga, kama hakusikia. Kisha akasema, "Basi ni kama laigwanani, kiongozi wa rika. Laigwanani hajitangazi. Rika lake linamtaja, wazee wanamtaja, na akitajwa na mzee mzito neno lake linasikilizwa. Sasa ninyi, nani anawataja?"

Hakuna aliyejibu. Wifi akamimina chai. Mambo yangeweza kuishia pale, kwa heri na amani, lakini aliyesema ni bibi mwenye sindano na uzi, na waliomsikiliza ni mwanamume mwenye cheti na mwanamume mwenye leseni ya udereva. Wakaamua vingine.

Kisa cha maneno

Mpango wa kwanza ulikuwa wa Shemeji. Alisema Google inatafuta maneno, kwa hiyo tuyaongeze. Kesho yake ukurasa wetu wa mbele ukawa unasomeka hivi: "Karibu kwenye duka la shanga za Kimasai Karatu, ambapo shanga za Kimasai za Karatu zinauzwa na wauza shanga za Kimasai wa Karatu."

Nilimwambia, "Shemeji, hii inasomeka kama mtu aliyepigwa na jua."

"Shem, usiwe na wasiwasi. Huo ni mchakato."

Mchakato ulikuwa na sehemu ya siri. Chini ya ukurasa aliweka mamia ya maneno kwa herufi nyeupe juu ya karatasi nyeupe, ili macho ya mtu yasiyaone lakini programu za Google ziyasome. Na kwa kuwa nafasi ilikuwa bure, hakuona sababu ya kuishia kwenye shanga. Aliongeza kupanda Kilimanjaro, hoteli nzuri Zanzibar, nauli za ndege na harusi ufukweni.

Siri hiyo ilitoboka kwa mkono wa Wifi. Meneja wa manunuzi wa loji moja aliomba maelezo ya mikufu yetu kwa WhatsApp. Wifi akafungua tovuti kwenye simu, akabonyeza "chagua yote", akanakili, akabandika, akatuma bila kusoma. Meneja yule wa watu akapokea ujumbe mrefu kama orodha ya wapiga kura: shanga shanga shanga Kimasai shanga Karatu Kilimanjaro shanga harusi ufukweni shanga. Baada ya kimya kirefu alijibu, "Dada, mko salama?" Baadaye kidogo akaongeza, "Na hiyo Kilimanjaro mnafanya bei gani?"

Binti yangu, aliye kidato cha tatu, ndiye aliyetusomea kanuni za Google zenyewe, zilizo wazi kwa kila mtu. Kurundika maneno na kuficha maandishi ni udanganyifu unaoweza kuishusha tovuti au kuiondoa kabisa. Halafu akamgeukia baba yake mdogo kuhusu lile sanduku la maneno ya kutafutia alilolijaza nyuma ya pazia la kila ukurasa. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba hailitumii kabisa katika kupanga matokeo. Wakati huo, Shemeji alikuwa bado anavaa kaptula za shule ya msingi.

Kisa cha mtaalamu

Baba Watoto aliona nduguye ameshindwa, akaleta suluhisho la kiume, yaani la fedha. Katika safari zake alikuwa amekutana na mtaalamu mjini. Jina lake halina faida hapa. Alikuwa na viatu vilivyochongoka na kauli moja: "Wiki mbili, ukurasa wa kwanza, uhakika."

Mume wangu huwapeleka wageni Laetoli, isiyo mbali na Kakesio, na simulizi ya pale anaijua kama jina lake. Nyayo za viumbe wale wa kale waliotembea kwa miguu miwili zilikaa kwenye majivu ya volkano kwa takriban miaka milioni 3.66 kabla timu ya Mary Leakey haijazifunua mwaka 1978. Hata nyayo za wanyama, zilizotangulia kuonekana mwaka 1976, zilipatikana kwa sababu watafiti walikuwa wakirushiana mavi makavu ya tembo kwa mchezo, na mmoja wao akajitupa chini kukwepa. Mtu anayesimulia hayo kila wiki ungedhani anajua kwamba kuonekana kuna wakati wake. Lakini wiki mbili aliziamini.

Bei ya mtaalamu ililingana na mbuzi watano, majike wanne na beberu mmoja. Mbuzi walipelekwa mnadani siku ambayo Yeyo alikuwa amekwenda kliniki Endulen. Sasa, mtu anaweza kumficha mama yake mambo mengi, lakini si mbuzi. Yeyo hahesabu mifugo kwa idadi. Anaitazama inapoingia zizini jioni, na akikosa sura moja anaijua kwa jina. Jioni ile alisimama mlangoni mwa zizi, akauliza, "Yule mwenye pembe iliyokatika yuko wapi?"

Wakubwa wote wakatazama chini. Mtoto wa Wifi, mwenye umri wa kusema kweli, akajibu, "Amekwenda kwa Google."

Sitaandika yaliyosemwa usiku ule, kwa sababu mengi yalisemwa kwa Kimaa na mimi ni Mmbulu wa Karatu. Lakini sauti niliielewa.

Wiki mbili zilipokwisha mtaalamu alituma ripoti yenye rangi nyingi. Tovuti yetu, ilisema ripoti, sasa inatajwa na mamia ya tovuti nyingine. Binti akaanza kuzifungua moja moja mbele ya familia, na ikabidi aambiwe asimame. Kulikuwa na za kamari, za dawa za nguvu za kiume, na moja ya mabomba ya maji iliyoandikwa kwa lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua. Kote humo, katikati ya upuuzi, limesimama jina la duka la Yeyo.

Yeyo akataka atafsiriwe. Akatafsiriwa, isipokuwa zile dawa, ambazo Shemeji aliziita "dawa za wazee". Akauliza swali lilelile la chini ya mgunga, ila safari hii kwa sauti ya chini zaidi: "Hawa ndio wanaotutaja?"

Biashara ya kununua viungo ni ya zamani, na Google imepambana nayo muda mrefu. Mwaka 2012 ilileta mabadiliko yaliyopewa jina la Penguin, na tovuti nyingi duniani zilizojipandisha kwa viungo vya kununua zikaporomoka. Siku hizi viungo vya namna hiyo mara nyingi hupuuzwa tu, kana kwamba havipo. Tovuti yetu haikuumia, basi. Walioumia ni mbuzi. Na Google yenyewe inawaonya wenye biashara waziwazi kwamba hakuna mtu anayeweza kumhakikishia mwenzake nafasi ya kwanza. Onyo hilo ni la bure, halihitaji hata kwato moja ya mbuzi.

Kisa cha nyota

Wifi akasema wanaume wamekula zamu zao, sasa ni yake. Yeye aliona kwamba mtu akitafuta duka la karibu, Google humwonyesha ramani kwanza, na kwenye ramani kila duka lina nyota za wateja. Duka letu lilikuwa na wasifu wake pale, lakini halikuwa na nyota hata moja.

Ilikuwepo harusi Kakesio. Ukoo mzima umekusanyika, wengine wametoka Endulen na Esere, na mtandao unashika vizuri kwenye mteremko ulio juu ya josho la ng'ombe. Wifi akawapandisha huko ndugu kwa makundi, kila mwenye simu janja aandike maoni na kutoa nyota tano. Asiye na simu janja aliazimwa. Zile simu mbili za kuazima zilizunguka kuliko sahani za pilau.

Nilizisoma jioni nikiwa Karatu. Mama mdogo mmoja aliandika, "Mimi ni mama mdogo wa mwenye duka na duka ni zuri sana ingawa sijafika." Nyota tano. Mjomba mmoja aliandika, "Ng'ombe wamepona, mvua bado, wasalimieni huko." Nyota tano. Shangazi aliyehamia Msomera, Handeni, naye alipigiwa simu akachangia akiwa hukohuko, "Nimewakumbuka." Nyota tano.

Maoni, kwa kanuni, ni ya mtu aliyepata huduma kweli, na jamaa wa mwenye duka hawaruhusiwi kulisifu kana kwamba ni wateja. Sifa za ukoo mzima zilizomiminika alasiri moja kutoka mteremko mmoja hazikudumu. Zikafutika moja baada ya nyingine, hadi yakabaki maoni ya mtu mmoja tu, mzee jirani wa Yeyo, aliyeandika kwa simu yake mwenyewe bila kuongozwa na mtu: "Bangili nzuri. Nimepigwa bei ya Mzungu." Nyota moja.

Na ni kweli alipigwa. Aliyemuuzia ni Wifi.

Wastani wa duka letu duniani ukawa 1.0. Tena siku ile ya harusi, kabla ya kushuka mteremkoni, Wifi alikuwa ameona kwamba alama yetu kwenye ramani imekaa upande usio sahihi wa barabara pale Karatu. Akabonyeza "rekebisha", simu ikamuuliza kama atumie mahali alipo sasa, naye kwa kuharakishwa na watu waliokuwa wakimwita chini, akakubali.

Kisa cha josho

Ilipita miezi. Siku moja ya kuogesha ng'ombe, vumbi limetanda, ng'ombe wanaingia joshoni upande mmoja na kutokea upande wa pili wakijikung'uta dawa ya kupe, likaja gari la watalii na kusimama katikati ya shughuli. Dereva akashuka akiwa na simu mkononi.

"Samahani wazee. Duka la shanga ni wapi?"

Shemeji alikuwepo, ameshika mkia wa dume lisilotaka kuoga. Akasema duka liko Karatu.

"Ramani inasema ni hapa," dereva akasema, akionyesha kidole kwenye josho.

Ndani ya gari walikuwa mama mmoja na binti yake mtu mzima. Walikuwa wamekuja kwa ajili ya Laetoli, na ramani ikawaambia kwamba mbele kidogo kuna duka la shanga. Binti akashuka, akapata mkung'uto mzima wa ng'ombe aliyekuwa anatoka, akacheka. Hapo ndipo Yeyo alipotokea. Mgeni mkubwa akasema, "Takwenya," kama alivyofundishwa. Yeyo akajibu, "Iko," akawaongoza bomani, mbali na vumbi, akaagiza chai ya maziwa.

Kilichofuata nilisimuliwa na binti yangu, aliyekuwa huko kwa likizo. Wageni waliuliza maswali mpaka chai ikapoa. Mkufu huu unachukua siku ngapi? Nani anapata fedha, na kiasi gani? Kwa nini nyeupe imewekwa kando ya nyekundu hapa lakini si pale? Uzi wake unastahimili maji? Nikinunua kwingine nitajuaje kama umetungwa kwa mkono? Mnaweza kutuma kwa posta? Shemeji alitafsiri, suruali yake ikidondosha dawa ya kupe, na katikati ya kutafsiri akanyamaza kidogo. Hata moja kati ya maswali hayo halikuwa na jibu kwenye tovuti yake. Tovuti ilikuwa inasema shanga za Kimasai Karatu, shanga za Kimasai Karatu.

Yeyo alijibu yote. Alionyesha sehemu ya uzi inayokatika kwanza kwenye kazi ya haraka. Alieleza kwamba mkufu wa harusi haukimbizwi, na kwamba mtungaji hupokea fedha yake mzigo unapouzwa, si unaposhuka Karatu, na kwamba hilo analigombea na mimi. Binti aliandika kila neno kwenye daftari lake la likizo.

Walipokuwa wanaondoka na vifurushi vyao, mgeni mkubwa aliuliza swali la mwisho. Alikuwa amejaribu njia nzima kuipata tovuti yetu kwenye Google akashindwa, ila ramani tu ndiyo iliyomwonyesha. "Mmeifunga?"

Kisa cha kisanduku

Google ina chombo cha bure kinachoitwa Search Console. Mwenye tovuti anathibitisha kwamba ni yake, kisha anaonyeshwa kurasa zipi zimeandikishwa, zipi hazikuandikishwa, na kwa sababu gani. Katika miezi yote ile ya maneno meupe, mbuzi na nyota, hakuna aliyekuwa amekifungua. Binti alikifungua Karatu, juu ya kaunta ya duka langu, huku nikimpimia mteja mkanda.

Jibu lilikuwa la mstari mmoja. Kurasa zetu hazikuandikishwa kwa sababu tovuti yenyewe imeomba zisiandikishwe.

Katika mipangilio ya WordPress kuna kisanduku kidogo. Ukikitia alama ya vema, kila ukurasa unabeba agizo la kuizuia mitambo ya utafutaji isiuweke kwenye orodha yake. Wajenzi wengi hukitumia kazi ikiwa haijakamilika, kisha huondoa alama siku ya kufungua. Alama yetu ilikuwa palepale. Programu za Google zilifika, zikasoma agizo, zikalitii, zikaondoka. Zingefanya hivyo hata kama tungeuza zizi zima.

Shemeji aliitazama skrini. "Niliweka wakati tunajenga," akasema. "Ili watu wasione kabla haijaisha."

Kesi ilisikilizwa Kakesio na haikuchukua muda, maana mshtakiwa hakupinga. Faini ikawa kondoo mmoja mnono, achinjwe na kuliwa na waliosumbuliwa. Shemeji aliomba apewe nafasi mpaka msimu wa wageni. Yeyo akamjibu kwa Kiswahili safi, ili hata mimi nisikose: "Kondoo kwanza. Huo ni mchakato."

Hesabu

Kuondoa alama kulituingiza kwenye orodha, basi. Kuingia na kupanda ni mambo mawili, na kupanda kulikuwa kazi ya polepole isiyo na kisa cha kuchekesha, kwa hiyo nitaitaja kwa haraka.

Maneno meupe yalifutwa. Picha za Baba Watoto, zilizopigwa kwa kamera ya kupigia simba na nzito kama simba wenyewe, zilipunguzwa ukubwa, kwa sababu wageni wetu hutumia simu wakiwa kwenye mtandao hafifu wa loji, na Google yenyewe, baada ya safari ya miaka kadhaa iliyotangaza kuikamilisha mwaka 2023, inaisoma kwanza sura ya simu ya kila tovuti. Kila ukurasa ulipewa kichwa chake kinachosema kilichomo. Jina, namba ya simu na mahali pa duka vikaandikwa namna moja kila vinapotokea. Alama ya ramani ikarudishwa Karatu, upande wa barabara unaostahili. Kando ya mashine ya risiti tukaweka kadi inayomwomba mteja aandike maoni yake, mabaya au mazuri, bila zawadi, kwa kuwa kumlipa mtu kwa sifa ni kosa pia.

Daftari la likizo likawa ukurasa mrefu kuliko yote: maswali ya wageni na majibu ya Yeyo, kwa Kiingereza, na ukurasa wake wa pili kwa Kiswahili, maana wanunuzi wa loji na waongoza watalii hutafuta kwa Kiswahili. Shemeji alitaka kuongeza "shanga za Kimasai Karatu" mahali kadhaa. Binti alimtazama tu.

Mgeni wa josho, kumbe, hufundisha ufumaji kwao. Chuo chake kina ukurasa wa mafundi wa mikono anaowapendekeza, na mmoja wao sasa ni Yeyo, pamoja na kiungo cha tovuti yetu. Meneja wa ile loji naye, alipomaliza kucheka, alituweka kwenye ukurasa wake unaoeleza vitu vya vyumbani vimetoka wapi. Viungo viwili. Wifi ameviandika kwenye daftari la fedha kwenye safu ya gharama, na mbele yake ameweka sifuri.

Leo mtu akitafuta shanga za Kakesio anatupata sisi kwanza, na hilo si la kujisifia, maana sijaona mshindani. Akitafuta duka la shanga Karatu tunaonekana, siku nyingine juu, siku nyingine chini kidogo, kwa kuwa matokeo hutegemea pia mtafutaji yuko wapi. Akitafuta shanga za Kimasai bila kutaja mahali, atakutana na maduka makubwa ya dunia nzima kabla ya kufika kwetu, na mimi sioni mbuzi wa kupeleka huko. Yule mzee wa nyota moja alirudishiwa tofauti ya bei yake. Ameongeza nyota zikawa tatu. Nilipomuuliza mbona si tano, aliniambia amerudishiwa fedha, heshima bado.

Lililobaki ni deni la Baba Watoto. Yeye huhesabu mbuzi watano. Yeyo huhesabu majike wanne waliokuwa na beberu wao, na majike hawakai bure. Kwa hesabu yake watoto wameshazaliwa, na wa kwanza kati yao nao wanakaribia kuzaa. Juzi mume wangu alifika Kakesio na habari njema, akamwonyesha mama yake kwenye simu kwamba tovuti imepanda.

Yeyo hakunyanyua macho kwenye sindano. "Na beberu wangu angekuwepo," akasema, "naye angekuwa anapanda. Niandikie kumi na mmoja."

Wifi akaandika.